Dona Parvini na Washirazi Wetu

Wanangu, nimeona mmepewa fulana mpya zilizoandikwa "guia" mgongoni, neno la Kireno la mwenye kuongoza wageni. Zimewakaa vizuri. Mimi sikuwahi kupewa fulana. Nilipewa filimbi, na nahodha akaitupa baharini siku ya pili kwa kuwa nilikuwa namwita nayo kama namwita mbwa. Mmeniomba niwaeleze kazi hii niliyoifanya hadi magoti yakakataa. Nitawaeleza, ila msitegemee nianze na historia. Ninaanza na choo.

Mgeni husamehe historia mbovu. Choo kibovu hasamehi, atakisimulia mpaka kwa wajukuu zake. Mtu ametoka Lisboa huko Ureno, amepigwa na mawimbi tangu asubuhi, akishuka hatafuti sultani gani alijenga ukuta. Anatafuta mlango wenye komeo. Kwa hiyo kabla hamjajifunza jina la sultani yeyote, jueni kila kijiji nani ana choo safi, na mumsalimie mkewe kila mkipita, hata siku ambazo hamna mgeni. Mimi nilikuwa na vyoo vyangu kuanzia Palma hadi Mucojo, na wenyewe niliwapelekea sukari kila Idi. Watu walidhani nina ndugu wengi. Nilikuwa na vyoo vingi.

Choo ndicho kilichonifundisha pia kutojidai. Nilianza kazi nikitokea kufua mashuka katika nyumba ya wageni kisiwani Vamizi, nikachukuliwa niongoze watu kwa sababu mbili tu: nilijua Kireno na nilikuwa na sauti kubwa. Katika kijiji kimoja nikaona msingi wa mawe ya kale uliomezwa na majani. Mpita njia akaniambia ni kaburi la Mshirazi. Basi ikawa ndiyo nyama yangu! Niliwasimamisha wageni pale nikawaeleza habari za mtawala aliyekuja na merikebu zake akafa kwa huba, mbali na kwao. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliweka maua. Mpaka siku moja akapita mzee mstaafu wa forodha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanivuta pembeni kwa adabu.

"Bi Atija, hapo palikuwa choo cha mkuu wa forodha, enzi za Wareno. Nilikuwa nakifagia mimi."

Toka siku ile sikusema jambo lolote la kale bila kutanguliza "wenyewe wanasema". Shikeni maneno hayo mawili. Yameniokoa kuliko maboya yote ya kwenye boti.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Nahodha Saide, yule yule mtupa filimbi. Mtu mfupi, mkavu, mwenye kunywa chai yenye sukari hadi kijiko kinasimama. Yeye ndiye aliyeniambia nisihesabu vichwa vya wageni, nihesabu viatu. Vichwa vinatembea, vinainama, vinajificha nyuma ya kamera. Lakini kila mgeni huvua viatu kabla ya kushuka majini, na wakati wa kurudi, viatu vikibaki kwenye boti bila miguu, mtu bado yuko nchi kavu. Nyinyi mna simu zenye kila kitu ndani yake, sawa, lakini simu ikilowa itahesabu nini? Na kuhusu kutafsiri alikuwa na kanuni moja: "Tafsiri yote au funga mdomo. Ukipunguza, wataona usoni mwako."

Kanuni hiyo karibu initoe roho, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Ilikuwa kabla ya vita. Kampuni moja ya Ulaya ilikuwa ikiuza safari ya kundi iliyoitwa "Nyayo za Waajemi". Watu walianzia Kilwa huko Tanzania, wakateremka na pwani kuja kwetu. Ujumbe ulinifikia kwenye simu: tuandalie siku moja ya urithi wa Kiajemi kaskazini mwa jimbo letu la Cabo Delgado. Nikausoma, nikaurudia. Tuna kaa, tuna kasa, tuna mbu wa kila aina. Waajemi niwatoe wapi? Nikampelekea Nahodha simu. Akasoma kwa kuisogeza mbali na uso, maana macho yalikuwa yamekwisha.

"Wapeleke kwa Mzee Nfaume," akasema. "Mwajemi mwingine mimi simjui."

Mnajua mambo ya pwani yetu. Kila ukoo wenye mlango wa kuchonga una babu aliyetoka Shirazi, mji mkubwa wa Waajemi. Lakini Mzee Nfaume alikuwa amewazidi wote. Kijiji chake sitakitaja, maana watu wake bado wapo na wana midomo. Pale kulikuwa na ukuta wa msikiti wa kale na makaburi ya mawe, na Mzee Nfaume alivilinda kama mtu anavyolinda meno yake ya mwisho. Siku ya njaa alikuwa Mshirazi, siku ya shibe alikuwa Mshirazi zaidi. Ukimkuta anaparua samaki atakwambia Shirazi samaki huparuliwa hivi. Alikuwa hajawahi kufika hata Dar es Salaam.

Nilipomweleza kwamba kunakuja kundi la kutazama urithi wa Kiajemi alijifuta macho, akasema, "Wamechelewa, lakini wamekuja." Kisha akaamuru mbuzi wote wafukuzwe makaburini.

Nilipokwenda kupanga mambo ya chakula ndipo nikakuta nyumba imenuna. Binti yake wa mwisho, Mwanasha, aliyekuwa akifundisha watoto shule ya msingi, alinipokea jikoni na macho mekundu, wala si ya vitunguu. Alikuwa ameposwa na Rashidi, fundi wa mashine za boti. Nyinyi Rashidi hamkumjua enzi zile: kijana mrefu, Mmakonde wa uwandani Mueda, Mwislamu mwenye sala zake, na kwenye pwani yote hapakuwa na mtu mwenye kuisikiliza mashine ikikohoa akakwambia ugonjwa wake kama yeye. Posa ilirudishwa siku ile ile.

"Baba kasema binti wa Kishirazi haolewi na mtu wa bara," Mwanasha akaniambia. "Jana yake tu Rashidi alikuwa amemtengenezea mashine ya mtumbwi. Bisibisi yake inakubalika, mwenyewe hakubaliki."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema sitaolewa na mwingine. Kaniambia basi nitazeeka. Bi Atija, wewe unasikilizwa, zungumza naye."

Nikamwambia mimi ni mwongoza wageni, si mshenga. Nikapanga pilau, nikaangalia choo, nikaondoka. Lakini rohoni nilikereka.

Wageni wakaja. Walikuwa Wareno wengi wao, watu wazima wenye kofia pana na mafuta meupe puani. Kiongozi wao wa mambo ya elimu alikuwa Daktari Alvaro, si daktari wa sindano, daktari wa vitabu. Mtu mpole, mwenye jasho, aliyekuwa akiomba radhi hata kwa mawimbi. Na miongoni mwao kulikuwa na bibi mmoja mfupi, mweupe wa nywele, amejifunga kitambaa cha hariri kichwani. Katika orodha ya kampuni alikuwa Mreno kama wengine. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mashine, peke yake.

Tulipokaribia miamba nikapiga kelele, "Nahodha, taratibu!"

Yule bibi akageuka kama ameitwa yeye. "Umesema nini?" akaniuliza kwa Kireno chenye lafudhi ya ajabu.

"Nimemwita nahodha. Mwenye kuendesha boti."

"Nakhoda," akasema polepole. "Kwetu pia ni nakhoda."

"Kwenu wapi, Dona?"

Akatazama maji kidogo. "Shirazi."

Wanangu, nusura nianguke baharini. Safari nzima ya Waajemi, na Mwajemi alikuwa amekaa juu ya dumu la petroli! Jina lake Parvini. Nikamwita Dona Parvini, yaani Bi Parvini kwa Kireno, na tangu hapo hatukunyamaza. Nikamwonyesha bandari, akasema bandar. Nikamwonyesha barafu kwenye sanduku la soda, akasema kwao barf ni ile inayodondoka kutoka mbinguni milimani, nyeupe, na hakuna anayeiweka kwenye soda. Nikampa pamba ajifute mafuta ya puani, na neno hilo nalo wanalo, pambe. Nahodha Saide akadakia kutoka kwenye usukani.

"Muulize bakshishi."

Dona Parvini akacheka hadi kitambaa kikamteleza. Hilo ni lao kabisa, akasema, na kwao neno hilo liko jirani sana na kusamehe.

"Basi mwambie mimi nimekwisha msamehe," akasema Nahodha, "atoe hiyo nyingine."

Tulifika maji yamekupwa na boti haikuweza kusogea. Hapo ndipo utaona rangi za watu: wenye kofia pana wakapandisha suruali, wakaingia hadi magotini wakilalamika kwa Kireno kizuri. Dona Parvini goti lake lilikuwa bovu. Rashidi, ambaye alikuwa ameletwa atazame mashine yetu iliyokuwa ikikohoa, akaja akampa mgongo bila kuambiwa, akambeba mpaka kwenye mchanga mkavu. Bibi alishuka akanyoosha gauni, akaniuliza kijana huyo ni nani. Nikamwambia. Na kwa kuwa mdomo wangu haukuwahi kuwa na komeo, nikamwambia na habari ya posa. Alimtazama tu Rashidi akirudi majini.

Mzee Nfaume alikuwa amesimama kwenye njia, kanzu nyeupe, kofia ya kutariziwa, na udi unafukizwa pembeni. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yake. Nikamwambia, "Mzee, katika hawa yumo mwenyeji wa Shirazi mwenyewe. Mama huyu."

Nilitarajia apige kelele. Aliinama akashika mkono wa yule bibi kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti iliyokauka, "Habari za nyumbani?"

Nikatafsiri. Dona Parvini akaikaza ile mikono ya Mzee. "Mwambie sijui," akasema. "Nina miaka mingi sijafika."

Tukaenda kwenye ukuta wa msikiti. Hapa ndipo Daktari Alvaro alipofanya kazi aliyolipwa. Mgeni mmoja mwenye kamera kubwa alimwuliza, Waajemi wako wapi hapa? Naye, maskini, akajibu kwa ukweli. Mawe haya ni matumbawe ya papa hapa. Vitundu hivi kwenye mihrabu vilikuwa na bakuli za Kichina, zimeng'olewa. Maandishi ni ya Kiarabu. Na Ushirazi, akasema, kwa maoni ya wasomi wengi, si lazima uwe damu. Huenda wengi wa hawa waliojiita Washirazi hawakutoka Shirazi hata kidogo. Walikuwa watu wa pwani hii hii, wakachukua jina la mji wa mbali kwa kuwa lilikuwa jina la heshima.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Nfaume, anatabasamu, anasubiri sifa.

Nikamtazama Nahodha Saide. Akatazama juu, kana kwamba angani kuna samaki. Nikakumbuka kanuni yake, nikamlaani kimoyomoyo, nikatafsiri. Yote. Niliweka "wenyewe wanasema" mwanzoni, lakini safari hii hayakusaidia.

Mzee Nfaume alimgeukia Daktari. "Mwulize, babu yake wa saba anaitwa nani?"

Daktari Alvaro akahesabu kwa vidole. Wa kwanza alimjua, wa pili alimjua, wa tatu alimkisia. Hapo akakwama.

"Hajui mwenyewe aliyemzaa," akasema Mzee, "amepanda ndege kuja kunipunguzia mimi wangu!" Kisha akageuka kuelekea nyumbani, akapaza sauti: "Rudisheni pilau jikoni!"

Jamani, pilau ilikuwa njiani. Wanawake walikuwa wameshika sinia vichwani, harufu imetangulia, na wageni walikuwa wameanza kufungua leso. Wakageuka nazo. Niliona macho ya wageni yakizisindikiza zile sinia hadi zikapotea mlangoni. Daktari alikuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, anasema hakukusudia kumwita mtu mwongo, alisema anachokijua tu. Nami namtetea hadi leo, kwa sababu huenda alisema kweli. Lakini kweli nayo ina saa zake, na saa ya kabla ya chakula si yake.

Hapo akatokea Mwanasha. Hakuwa amerudi na wenzake. Alisimama katikati ya uwanja, sinia kichwani, akasema, "Baba, kwa nini mnagombana na mtu wa vitabu? Mshirazi si huyo hapo? Mwulizeni yeye."

Mzee akapata pumzi. "Naam! Umesema. Atija, mwulize dada yangu huyu: sisi ni watu wao au si watu wao?"

"Na mkishamwuliza hilo," Mwanasha akaendelea, "mwulizeni na langu. Huko Shirazi, mtu akimtaka binti, anaulizwa nini? Anaulizwa kazi na sala, au anaulizwa babu alishukia wapi?"

Watu wakaguna. Shangazi zake wakajifunika midomo. Rashidi alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, mikono yake ina oili, hajui aiweke wapi. Mimi nikamtazama Mzee, maana hapo sikuwa tena kwenye safari ya wageni, nilikuwa kwenye shauri la nyumba ya watu.

"Tafsiri," akasema Mzee, kidevu juu. "Ushirazi hauogopi swali."

Nikatafsiri yote mawili. Dona Parvini akaomba kiti. Akakaa, akavua kile kitambaa cha hariri, akakikunja magotini, akaanza kusema taratibu ili nimfuate.

Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mazulia. Siku hizo mafundi wa kigeni walikuwa wengi Irani kwa kazi za mafuta, na mmoja wao, Mreno, fundi mitambo, alikuja dukani kununua zulia. Akarudi kununua jingine. Akarudi tena, na hakuwa na nyumba ya kutandika mazulia yote hayo. Alipokuja kuposa, akiwa amekubali dini na kila alichoambiwa, baba yake alisema binti wa Shirazi haolewi na mtu wa kuja. Yeye akaolewa hivyo hivyo. Baba akafunga mlango. Wakaenda Ureno. Kwanza alikataa kurudi kwa hasira, akingoja baba yake aanze. Baba naye alikuwa anangoja yeye aanze. Halafu nchi ikabadilika, njia zikafungwa. Halafu siku moja simu ikalia, akaambiwa baba amekwisha zikwa.

"Mume wangu alikuwa mtu mwema," akasema. "Naye amekufa. Sasa popote nikiona pameandikwa 'Kiajemi', nalipa nakwenda. Nimetazama mazulia ya kwetu kwenye majumba ya watu, nyuma ya kamba, usiguse. Sasa nimekuja hapa."

Mzee Nfaume alikuwa ameinamisha kichwa.

"Umeniuliza kama nyinyi ni watu wetu," Dona Parvini akamwambia moja kwa moja, mimi katikati yao. "Sijui. Daktari anajua vitabu, mimi sijui vitabu. Nimetazama ukuta wako, sikuona kitu cha kwetu. Nimetazama makaburi, sikuona. Lakini binti huyu alipokuuliza lake, nilitazama uso wako. Uso ule naujua. Kidevu kile nakijua. Ni baba yangu mtupu. Kwa hilo, kaka, nitakula kiapo: wewe ni Mshirazi."

Sasa oneni mambo ya kutafsiri. Vijana waliosoma shule walikuwa wanajua Kireno, wakapasuka kucheka kabla sijafungua mdomo. Mzee akawa anawatazama huku na huku, mtu wa mwisho kuelewa habari yake mwenyewe, ananiambia, "Sema! Sema, Atija!" Nikasema. Ndipo wazee nao wakacheka, wimbi la pili, mpaka bibi mmoja akalazimika kushika ukuta wa kale.

Mzee Nfaume hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyepewa zawadi yenye miiba; kuitupa hawezi, kuikumbatia hawezi. Mbele ya kijiji kizima mwenyeji wa Shirazi amemthibitisha. Akikataa maneno yake, Ushirazi umekwenda na maji. Akiyakubali, basi amekubali pia kwamba ukaidi ule ulimpotezea mtu binti yake.

Hatimaye akauliza, "Baba yake aliitwa nani?"

"Faridun," akasema Dona Parvini.

"Amesomewa na nani?"

"Mimi sikuwapo."

Mzee akasimama, akamshika mkono, akampeleka kwenye makaburi yale yasiyokuwa na jina. Akainua mikono, nasi tukainua. Alimwombea Faraduni bin nani sijui wa Shirazi, jina akaliharibu kila alipolitaja, na hakuna aliyemsahihisha. Mwenyezi Mungu huyu huyu ndiye aliyezoea majina yetu kwenye midomo ya Wareno. Dona Parvini alilia bila sauti. Daktari Alvaro alivua kofia akasimama nyuma, na safari hii kofia haikuvuliwa kwa ajili ya choo.

Aliporudi Mzee akasema tu, "Pilau itapoa." Sinia zikatoka. Yule Daktari alikalishwa kulia kwake, na walibishana hadi mwisho wa chakula, mimi nikitafsiri huku nanyang'anywa nyama. Kuhusu posa hakusema neno. Mwanasha aligawa maji ya kunawa, akapita mbele ya baba yake, na baba yake akanawa.

Wakati wa kuondoka ulifika. Nahodha akabaki botini anahesabu viatu. Wageni waliingia majini mmoja mmoja, na Rashidi akampa tena mgongo Dona Parvini. Alikuwa amefika katikati, maji kiunoni, wakati sauti ya Mzee Nfaume ilipotoka ufukweni, kali, ya kugomba kabisa:

"Wee Rashidi! Angalia unavyokwenda! Usimloweshe shangazi yako!"

Rashidi alisimama pale pale. Wenzake kwenye boti walidhani amekanyaga samaki mwenye mwiba. Dona Parvini mgongoni akauliza kwa Kireno, kuna nini? Mimi nikashindwa kutafsiri, mara ya kwanza katika kazi yangu. Asubuhi Mzee alikuwa amemwita dada. Dada wa baba ni shangazi wa wanawe. Na aliyemwambia "shangazi yako" alikuwa ni yule mtu wa bara. Nilipogeuka, Mwanasha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na Mzee amekwisha tupa mgongo, anakwenda kufukuza mbuzi.

Walioana kabla ya Ramadhani. Dona Parvini hakuweza kuja. Alituma zulia dogo, na Mzee Nfaume alilitundika ukutani juu sana ili mtu asikanyage. Ile kampuni iliniandikia kwamba wageni wamelalamika: Waajemi walikuwa wachache kuliko ilivyotangazwa. Pilau waliisifu.

Miaka ikapita na vita vikaja. Nyinyi mnavijua, wengine mlikimbia mkiwa bado shuleni. Mimi niliishia mji wa Pemba, wa hapa hapa Cabo Delgado, si kile kisiwa. Kijiji cha Mzee Nfaume kilitawanyika, kila mtu na alichoweza kubeba, na habari zake sikuzipata muda mrefu. Baadaye nikaambiwa yuko Mueda, juu uwandani, nyumbani kwa wazazi wa Rashidi. Nilipopata gari nikapanda kwenda kumwona.

Nilimkuta kwenye kigoda uani, kanzu imepauka, kofia ile ile. Mtoto wa Mwanasha alikuwa anamvuta ndevu, naye anamwambia kwamba yeye ni Mshirazi na Mshirazi havuti watu ndevu. Mama yake Rashidi, mama wa Kimakonde mwenye chale usoni, alikuwa akipakua ugali wa muhogo na kuku, akamwekea Mzee paja kubwa kuliko yote. Alikwenda kututafutia maji, tukabaki wawili. Nikamwuliza, "Mzee, unaishije huku?"

Akatazama kama kuna mtu anasikia. Akanisogelea.

"Atija," akasema chini chini, "watu hawa wamenipa chumba, wamenipa kitanda, kila Ijumaa wananichinjia. Hata siku moja hawajaniuliza babu yangu alitoka wapi."

Nilitaka kucheka, lakini yeye alikuwa hacheki, machozi yalikuwa yamejaa. Kisha tukasikia yule mama anarudi na birika. Mzee akajifuta haraka, akamega tonge, akatafuna, akapaza sauti ili asikiwe hadi jikoni:

"Chumvi imezidi!"

"Na hiyo iliyozidi nayo utaila!" akajibu yule mama.

Akaila yote.